Oveni Yake, Mtungi Wangu

Jumatatu, 4 Julai

Binti yangu amepiga simu nikiwa na pini mdomoni, nashona kola za sare za shule. Anakuja Jumapili baada ya ibada. Na haji peke yake. Anakuja na kijana wake, na mama wa kijana! Mkwe anakuja kwangu! Nilitema pini kiganjani nikamshukuru Mungu kwa sauti, hata fundi baiskeli wa ng'ambo ya njia akauliza kulikoni.

Kisha mtoto akaleta masharti.

Safari hii hataki milo miwili. Mara ya mwisho nilimpikia mimi, na Jenerali, shangazi yake, naye akampikia, kila mmoja na meza yake. Maskini akala kwangu akashiba, akaenda kula tena kwa shangazi yake asije akanuniwa. Baadaye nikamsikia anatapika bafuni. Nilijifanya sijasikia. Yeye hakusahau.

"Meza moja, mama. Chakula kimoja. Nikikuta masufuria mawili nageuza palepale mlangoni na wageni wangu. Mambo ya harusi tutayamalizia kwao. Na hapo nyumbani basi tena."

Basi tena! Na hakupandisha sauti hata kidogo. Baba yake mtupu. Marehemu naye alikuwa akikasirika ndipo anaongea taratibu, kama anayebembeleza mtoto alale. Basi ujue amekwisha kata shauri.

Nikamuuliza nipike nini. Anasema mama mkwe hali nyama. "Fanyeni ile kishi ya mboga, ile pai ya mayai. Ile ya shangazi."

Ile ya shangazi. Nimemlea mimi, nimemnyonyesha mimi, nimemshonea mimi hadi gauni la kipaimara. Chakula anachokikumbuka ni cha shangazi!

Nimejibu, sawa mwanangu. Mungu ananiona, nilitabasamu kwenye simu. Nilipokata nimeshona kola nzima ndani nje.

Jumanne, 5 Julai

Nimeomba asubuhi nipewe ulimi laini. Nimepewa, umedumu mpaka jikoni.

Jenerali ni wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Jina hilo nimempa mimi, moyoni tu, maana hatembei, anakagua. Nyumba hii wazazi wao waliwaachia wote wawili, nusu kwa nusu, na nusu ya marehemu sasa ni yangu. Vyumba vinagawanyika. Jiko haligawanyiki. Jiko la gesi lenye oveni ni lake, mtungi wa gesi ni wangu. Tangu mazishi, yeye amechomoa kile kidude cha kuzungushia moto wa oveni, anatembea nacho mfukoni mwa aproni kama askari na filimbi. Nami nimefungua kichwa cha mtungi, kile cha kupitishia gesi, nimekitundika chumbani kwangu nyuma ya mlango, chini ya msalaba. Mimi napika kwa mkaa uani, yeye kwa jiko lake dogo la umeme. Oveni imekuwa kabati la sufuria mbovu. Na friji nimeibandika utepe wa cherehani katikati: kushoto kwake, kulia kwangu.

Hatusemeshani. Tunaongea na paka. Paka ndiye pekee nyumba hii asiye na upande, anakula kwa wote.

Leo nikamwambia paka: "Paka, Jumapili tuna wageni wa heshima. Naomba kidude cha oveni."

Jenerali alikuwa anamenya kitunguu. Hakugeuka. "Paka, mwambie mwenzio nimesikia simu yote, ukuta ni wa mbao. Kishi ni yangu. Nimeipika kwa masista wa Kifaransa wakati yeye bado anajifunza kutunga uzi. Alete kichwa cha mtungi, kisha akae kando, atie sukari chai."

"Paka, mwambie ni mwanangu anayeolewa."

"Paka, mwambie ni damu ya kaka yangu. Na kishi haishonwi, ingekuwa inashonwa tungemwita mshona kaptula."

Mshona kaptula! Nimemaliza. Nimeondoka na kichwa cha mtungi mkononi, nilikuwa nimekibeba nikidhani tutapatana. Nimekirudisha chini ya msalaba.

Sitampa. Na sababu sio kaptula. Sababu ni chumvi, na niiandike mara moja nipumue.

Moyo wa mume wangu ulipochoka, daktari alikataza chumvi kabisa. Nilimpikia bila chumvi, na mimi nikala bila chumvi, asione mwenzake anafaidi. Tulikula chakula kama majani yaliyonyeshewa, tukasali, tukasema kitamu. Kumbe huku nyuma Jenerali anampikia kishi! Jibini, krimu, chumvi yake ya kutosha. Nilikuta sahani chini ya kitanda imerambwa inang'aa. Haikupita juma, mume wangu hayupo.

Na siku ya mazishi, mbele ya watu, kaburi bado halijajaa, Jenerali akalia kwa sauti: "Kaka yangu amekufa na hamu ya chumvi!"

Nikamjibu. "Na chumvi yako ndiyo iliyomfukia."

Binti yangu alikuwa amesimama katikati yetu na shada mkononi. Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyosemeshana uso kwa uso. Mengine yote ameyabeba paka.

Jumatano, 6 Julai

Nitaipika mwenyewe. Jumapili Jenerali aikute iko mezani, na akitaka kukaa, akae. Meza moja, chakula kimoja, sharti limetimia. Mtoto hakusema mpishi ni nani.

Nimempigia mke wa mchungaji, maana yeye alisoma chuo cha mapishi kabla hajaolewa. Nimeandika nyuma ya karatasi ya patani ya kukatia sare. Unga. Siagi ya baridi. Chumvi kidogo. Maji ya baridi kwa matone. Ukande upesi, mikono isiupashe joto. Usukume, uutandike kwenye bati, uinue kingo. Kisha, anasema, "mwaga maharage makavu juu ya unga, tia ovenini..." — na simu ikakata! Salio lake, salio langu, sijui la nani. Nimepiga tena, hapatikani, Jumatano ni siku yake ya wagonjwa.

Haya ya mayai nayajua, nilimwona Jenerali zamani. Mayai, krimu, jibini ya kukwaruza, mboga zilizokaangwa kidogo, kungumanga. Maharage sikuwahi kumwona akitia. Lakini yeye hupika na mgongo kwa watu, ungeonaje. Na maharage si mboga? Mboga. Na mke wa mchungaji hawezi kusema uongo.

Nimenunua kila kitu. Mayai nimeyaficha kabatini kwenye soksi za majira ya baridi.

Alhamisi, 7 Julai

Leo nafunga, kama kila Alhamisi. Jenerali alikwenda mazoezi ya kwaya. Nikapata jiko!

Kidude amekwenda nacho, ningeshangaa asingekwenda nacho. Nikavuka njia nikaazima koleo kwa fundi baiskeli. Anauliza, mama, baiskeli gani tena? Nikamwambia ya wifi yangu, imekaza shingo. Akacheka, anatufahamu.

Nimefunga kichwa cha mtungi, nimekibana kile kijiti cha chuma kilichobaki kwa koleo, nimezungusha. Paa! Moto umeshika. Lakini moto wa kiasi gani? Namba zote ziko kwenye kidude, na kidude kiko kwaya kinaimba soprano. Nikazungusha kwa imani.

Unga ulinikubali! Huu si ufundi mgeni kwangu. Kusukuma ni kunyoosha kitambaa, ukivuta upande mmoja unapindika. Kingo nimezitia marinda, rinda baada ya rinda, kama sketi ya darasa la kwanza. Nimemwaga maharage juu yake, safi, yametandazika vizuri. Nikaoka kidogo. Kisha nikamimina mboga na mayai juu yake, yote, hadi kwenye marinda. Chumvi nimetia kwa jicho, maana siwezi kuonja, nimefunga. Nikatia. Nikaona kidogo. Nikatia tena.

Imetoka! Upande mmoja umeungua, upande mmoja umepauka kama umeona jini, lakini katikati ni dhahabu. Nimesimama nikaitazama kama siku ile nilivyomtazama binti yangu alipozaliwa. Nimeifunika kitambaa, nimeiweka kulia, upande wangu wa utepe. Kesho nitafungua kinywa kwa kipande chake. Hii ya majaribio. Ya Jumapili itakuwa bora zaidi.

Jenerali aliporudi akasimama mlangoni akanusa. Ananusa kama forodha. Nimeimba wimbo wa kushukuru, beti zote.

Ijumaa, 8 Julai

Kipande hakipo!

Nimeamka alfajiri kusali, nikafungua friji. Kitambaa kimerudishwa vizuri mno, mimi sikunji hivyo. Chini yake pengo, limekatwa kwa kisu kikali, pembe tatu safi. Amevuka utepe!

Nimekaa jikoni nikamngoja. Akaja. Amefunga leso kutoka kidevuni hadi utosini, fundo juu, kama sungura wa sikio moja. Shavu limeumuka kuliko unga wowote niliowahi kukanda. Akapita. Hakutazama friji. Akachemsha maji, akanywa kwa upande mmoja, machozi yakamtoka.

Nikajikatia kipande changu nione kulikoni. Nikauma. Kokoto! Nikatoa kinywani. Harage. Kavu, gumu, jinsi lilivyotoka dukani. Nikapasua kishi nzima kwa uma — maharage, maharage, yamejipanga chini kama changarawe ya barabarani. Na chumvi! Ulimi ulikunjamana.

Mke wa mchungaji nimempata hatimaye. Nikamweleza, naye akasema, "Dada yangu, maharage ni ya kukandamiza ganda tu lisifure. Yanatolewa!" Yanatolewa. Neno moja, limebaki ndani ya simu iliyokata.

Lakini kwanza nilicheka. Nilikaa sakafuni nikacheka hadi paka akakimbia. Za mwizi arobaini, yeye imemtosha moja! Na hawezi kunishitaki, maana atasema nini? Nimevunja jino nikiiba?

Mchana ameugua chumbani kwake, ukuta ni wa mbao, nasikia kila mguno. Kila mguno nashona pindo. Pindo zimenyooka leo!

Jioni nimepiga magoti nikaomba msamaha kwa kucheka. Nikamwambia Mungu ukweli: sijutii sana.

Jumamosi, 9 Julai

Niandike haraka.

Asubuhi nilikuwa uani nachambua spinachi, najiandaa na koleo langu. Mlango ukafunguka. Jenerali, na leso yake, na harage moja katikati ya vidole viwili. Hakumtafuta paka.

"Nani alikuambia haya yanaliwa?"

Alinisemesha mimi! Nilishtuka hata nikajibu vizuri. "Nani alikuambia ule?"

"Nilionja. Nilitaka nijue utatuaibisha kiasi gani."

"Kuonja ni kijiko, wifi. Ulikata robo."

"Limevunjika jino la dhahabu kabisa, nililowekewa na masista!"

"Basi lizike kwa heshima."

Akaja karibu. Mdomo umepinda, maneno yanatoka upande mmoja, ila hayajapoteza sumu. "Na chumvi! Wewe! Wewe uliyemnyima kaka yangu chembe, ukamlisha majani kama mbuzi wa kufungwa, leo umeijaza kama unakausha samaki! Kwa wageni una mkono. Kwa mumeo ulikuwa huna!"

Sijui nilisimamaje. Bakuli la spinachi lilikwenda chini. Nikamwambia yote. Daktari. Sahani chini ya kitanda. Nilikula nami bila chumvi, unajua wewe? Nikamwambia alimwiba mume wangu kama alivyoiba kipande, kwa kisu kikali na kitambaa akakirudisha. Fundi baiskeli aliacha kugonga. Njia nzima iliacha kugonga.

Akalitia lile harage mfukoni. Nilidhani nimeshinda. Kisha akasema kwa sauti ndogo, ile ya kwao:

"Aliniomba mwenyewe. Aliniita akaniambia, dada, nimechoka kula kama mgonjwa. Nipikie mara moja kama mtu mzima. Na akasema, usimwambie mke wangu. Atalia."

Atalia.

"Uongo," nikasema.

"Haya. Uongo." Akaokota jani la spinachi lililonata kwenye kiatu changu, akalitupa. "Unadhani mimi nalala?"

Nilitaka kumpiga na nilitaka kukaa. Ndipo simu ikalia. Binti yangu. Niliweka sauti ya nje, mikono ilikuwa na maji. Anauliza, "Mama, mambo yanakwendaje huko? Na shangazi yupo?"

Tukajibu kwa pamoja kama kwaya: "Salama tu, mwanangu!"

Akasema, "Wote mko hapo? Pamoja?" Akarudia, "Pamoja?" Kisha akasema mama mkwe ameoka keki ya kuja nayo, anaogopa hatutampenda. Anatuogopa sisi! Tungempa paka amweleze.

Alipokata tukabaki tumesimama. Jenerali akashika shavu. Nikamwambia aende kwa daktari wa meno. Akasema, "Nikang'olewe nikae na pengo mbele ya mkwe? Nitavumilia hadi Jumatatu." Nikampa maji ya chumvi asukutue. Akayatazama. Akasukutua, akatema, akaingia ndani.

Adhuhuri nimekuta kidude kiko mezani jikoni. Peke yake, kwenye kisahani, kama sadaka.

Nilikitazama muda. Nikaenda nyuma ya mlango wangu nikachukua kichwa cha mtungi, nikakiweka kando yake. Sio kwa ajili yake! Ni kwa ajili ya mtoto. Na koleo nimelirudisha ng'ambo. Fundi baiskeli akauliza, shingo imelegea? Nikamwambia bado, ila inazunguka.

Baadaye. Nimemkasirikia marehemu. Sijui kama ni dhambi. Atalia, alisema. Kwa hiyo alikuwa anakula majani yangu na kusema kitamu, ili nisilie. Na mimi nilikuwa nayala na kusema kitamu, ili yeye asilie. Na aliyejua yote ni yule! Yeye ndiye aliyepewa siri, mimi nikapewa sahani.

Sijamsamehe. Niliandike hivyohivyo, nisije kesho kanisani nikajidanganya.

Jumapili, 10 Julai

Naandikia jikoni, kwenye kigoda, daftari juu ya goti. Jenerali yuko kwenye kiti cha upande wa pili wa meza. Ganda liko ovenini, tunalingoja. Hakuna anayetaka kutoka akamwacha mwenzake, basi tumekaa kama walinzi wawili wa mlango mmoja.

Kanisani mchungaji alihubiri upatanisho. Mke wake ameshamwambia, naona! Jenerali alikuwa kwaya, leso kichwani, ameimba kwa nusu mdomo. Watu walidhani ni huzuni ya rohoni.

Tumeanza mara tuliporudi. Kupika na mtu huyu ni kuvuka mto na mamba. "Mikono yako ya moto kama pasi, utaiyeyusha siagi. Toa." Nimetoa. "Spinachi ikamue. Si hivyo, ikamue ilie." Nimeikamua, nikiwaza shingo ya mtu. "Karoti gani hizi, vigogo? Wageni wana meno ya tembo?" Nikamuuliza yeye ana ya nani. Bega likamtikisika. Sijui alicheka au jino.

Unga nimesukuma mimi. Alitaka kuuchukua, kisha akaona ninavyoutandika, akarudisha mkono. Nilipotia marinda aliinama akatazama. "Hayo sikufundishwa na masista," akasema. Sifa hiyo! Kwake hiyo ni sifa, mwingine asingeisikia.

Maharage ameyamwaga yeye. Moja moja, ananitazama. "Haya," anasema, "yanatolewa."

"Nimeambiwa."

"Nakukumbusha. Nina meno machache."

Kidude amekitia mahali pake, amezungusha hadi namba anayoijua. Nami nimefunga kichwa cha mtungi. Oveni imewaka bila koleo. Paka alilala katikati ya mlango, hana kazi leo.

Bakuli liko mezani. Mayai yamepigwa, krimu, jibini, vitunguu vimekaangwa hadi vimelainika, karoti, hoho, spinachi iliyolia. Kungumanga amekwaruza yeye, kidogo, kwa ncha za vidole. Limebaki jambo moja.

Nilimngoja atie. Hakutia. Anakoroga tu, anakoroga, mayai yameshachoka. Nikasema, wifi, chumvi. Akasukuma bakuli kwangu.

"Tia wewe."

"Kishi ni yako."

"Tia wewe, nimekuambia."

Nimeutafuta mtego. Nikizidisha, atasema mbele ya mkwe, ameirudia ya Alhamisi. Nikipunguza, atasema, ndiye yuleyule, mnyima chumvi. Kote anashinda. Ndivyo walivyo majenerali! Nikainuka nichukue kopo lake kwenye rafu yake, niseme chumvi ni yako basi lawama ni yako.

Rafu yake haina kopo la chumvi.

Nimetazama nyuma ya unga, nyuma ya majani ya chai. Pilipili manga ipo. Sukari ipo. Pameachwa duara tupu penye vumbi, kopo lilipokuwa linakaa. Vumbi la zamani, pengine la tangu mazishi. Nikamgeukia. Anatazama oveni.

"Unapikaje?" nikamuuliza.

"Napika."

Basi. Nimeleta kopo langu, liko katikati ya meza, limefunguliwa. Kijiko kiko ndani. Hakuna aliyekigusa. Nimechukua daftari hili nijifanye nina la kuandika, naye anaangalia ganda kupitia kioo kama kwamba linaweza kutoroka.

Kengele!

Wamewahi! Sijavaa hata gauni. Hakuna aliyeinuka. Tunatazamana. Kengele tena, na sauti ya mtoto: "Hodi! Mpo?" Anasikika ana wasiwasi. Anahesabu masufuria kutoka nje, namjua.

Jenerali amefungua leso. Ameikunja, ameitia mfukoni mwa aproni, pale kidude kilipokuwa kinakaa. Ananawa mikono. Anasema, "Mimi nafungua. Wewe maliza."

Ameondoka! Ameniachia oveni na kidude chake, hata hakugeuka nyuma.

Namsikia huku. "Karibuni, karibuni sana. Piteni ndani. Mama yake yuko jikoni, ndiye anayepika." Mama yake, kasema. Siku zote kwake binti huyu ni "damu ya kaka yangu", ni "mwanangu mimi". Binti yangu anauliza kitu, siwezi kukishika. Jenerali anacheka, na jino lile.

Ganda linanukia, maharage yatoke sasa. Kijiko kizima? Nusu? Jibini nayo ina chumvi yake. Viatu vinakuja huku ukumbini, vingi. Kalamu mkono huu, kijiko mkono huu —